Giza si Weusi
Mwanzo 6:14, Kutoka 2:3, 1 Yohana 2:9-11



Katika sharika zetu za Nachingwea na Ruangwa husikika mara kwa mara mhubiri akisema ya kuwa moyo wa mpotevu ni mweusi kama lami. Mtu mzima huyapokea maneno hayo kuwa ni mfano tu, wala hayamdhuru. Lakini mtoto wa mafundisho ya Kipaimara huutazama mkono wake mwenyewe. Kwa ajili yake yatupasa kuyachunguza maneno haya.

Kulifananisha giza na lami ni desturi ya Waingereza. Usiku usio na mwezi huuita giza la "pitch", na neno hilo walilipata zamani katika Kilatini, maana yake ni lami, ile mabaharia waliyozibia mbao za merikebu. Sisi tuna usemi wetu, giza totoro, wala hamna lami ndani yake. Na neno lao la weusi, "black", wenye elimu ya lugha hulirudisha katika shina la kale lililohusu kuungua na kung'aa kwa moto. Shina hilo hilo lilizaa pia neno lao la kuzifanya nguo kuwa nyeupe! Waingereza wa kale waliuita hata wino kwa neno hilo. Basi halikuanza kuwa jina la uovu.

Mchanganyiko ulizidi baadaye. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha habari za safari yake, na katika jina la kitabu chake aliliita bara letu kuwa la giza. Ulaya wakalishika jina hilo, wala wengi hawakupambanua kama wanena habari za nchi isiyo katika ramani zao, au za watu wasioisikia Injili, au za ngozi zetu. Mambo matatu yalifungwa mzigo mmoja, na mzigo huo tuliupokea pamoja na Neno la Mungu, nasi hata leo twajitwika katika mimbara.

Sasa lishikeni Andiko. Nuhu aliambiwa aipake safina lami, ndani na nje. Mama yake Musa alikipaka kisafina cha manyasi, ndipo akamweka mtoto mtoni. Kitu kile cheusi ndicho kilichoyazuia maji ya mauti. Tena katika habari ya Nuhu neno la Kiebrania la lami ni kofer, nalo latamkwa sawasawa na neno la fidia, lenye herufi zilezile tatu za shina zinazoonekana katika jina la Siku ya Upatanisho. Sipendi kujenga fundisho zima juu ya herufi tatu. Lakini atakaye kuitumia lami kuwa mfano wa dhambi, na asome kwanza sura ya sita ya Mwanzo.

Giza ni nini, basi? Yohana ajibu waziwazi: amchukiaye ndugu yake yumo gizani, wala hajui aendako. Rangi haitajwi. Mwenye chuki yumo gizani saa sita ya mchana, awe mweupe au mweusi. Wala si kila giza lilikuwa mbali na Mungu, maana Musa alilikaribia giza nene, naye Mungu alikuwamo (Kutoka 20:21).

Nasi Walutheri tungepaswa kuwa wa mwisho kuudharau weusi. Yule aliyeliandika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, Philipp Melanchthon, jina la ukoo wake lilikuwa Schwartzerdt, yaani udongo mweusi. Melanchthon ni tafsiri yake kwa Kigiriki. Na huko Ruangwa ardhini mna kinywe, jiwe jeusi la namna ile itiwayo ndani ya kalamu ya risasi. (Risasi yenyewe haimo kabisa, jina limetudanganya miaka yote.) Kwa weusi huo mtoto ajifunza kuliandika jina la Yesu.

Walimu mnaofundisha Kipaimara, mkiifikia Amri ya Tano, waulizeni watoto Yohana amemwita nani mtu wa gizani. Wapeni nafasi ya kufikiri, wala msiwajibie upesi.