"Bado" kama Hoja ya Kimaadili: Tawasifu ya Oginga Odinga na Swali la Deni

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja tu. Mwaka 1967 Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo katika nchi ya Waluo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, alichapisha tawasifu aliyoiita Not Yet Uhuru. Jina hilo ni chotara: maneno mawili ya Kiingereza na moja la Kiswahili. Kulirudisha lote kwenye Kiswahili si kazi ngumu, kwani hatuhitaji zaidi ya kusema "Uhuru bado". Aghalabu kitabu hiki husomwa kama hati ya siasa, yaani malalamiko ya kiongozi aliyetengwa na wenzake. Sisi twauliza jambo jingine. Mtu asemapo kuwa uhuru bado, ilhali bendera imekwisha kupandishwa tangu Desemba 1963, je, anatoa taarifa juu ya wakati, au anamdai mtu?

Sarufi yatupa mwanzo mzuri. Kiswahili kina kikanushi mahususi cha jambo linalongojewa, nacho ni kiambishi -ja-. "Hatukupata" hufunga habari. "Hatujapata" huiacha wazi, na humfanya msikilizaji atarajie kwamba lililokosekana lilikuwa na haki ya kuja. Mdeni abishiwaye hodi akajibu "bado" amekwisha kulikiri deni, na anachoomba ni muda tu. Angetaka kulikana angesema "sidaiwi". Ila "bado" hutamkwa pia na mdai, na kinywani mwake haliombi muda bali hukataa kusamehe. Ni neno moja lenye wasemaji wawili, na uadilifu wa usemi hutegemea ni nani kati yao anayesema.

Hapa yafaa kukilinganisha kitabu cha Odinga na kingine kilichotoka kwa mtu wa ziwa hilo hilo. Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga, alichapisha Freedom and After mwaka 1963. Kichwa chake kinazungumzia uhuru na yatakayofuata baada yake, katika mwaka ule ule ambao uhuru ulikuwa ukikabidhiwa. Kwa hiyo neno la "baada" lilitangulia, na neno la "bado" likafuata miaka minne nyuma yake. Si haki kumwona Mboya kuwa mwepesi wa kuridhika. Kwake uhuru ni tukio lenye tarehe, nalo huzaa kazi: mipango, shule, vyama vya wafanyakazi, uchumi. Ndiyo fikra iliyoendelea katika Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao yeye alikuwa mtetezi wake mkuu. Kwa Odinga uhuru si tukio bali ni ahadi, na ahadi haina tarehe ya kutimia mpaka aliyeahidiwa aseme imetimia.

Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha suala la rangi. Kama kipimo cha ukoloni kingekuwa ngozi ya mtawala, basi "bado" lingekuwa neno la uongo, kwa kuwa Gavana alikwisha kuondoka. Odinga aliujua ubaguzi wa rangi kwa karibu: alizozana na wamisheni kwa kushikilia kuwa watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, na mwaka 1947 alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili kukanusha kwa vitendo dhana kwamba Mwafrika hawezi biashara. (Mtu aliyezunguka Nyanza akikusanya hisa za watu wenye fedha kidogo hakuhitaji kufundishwa na mwanafalsafa maana ya amana.) Hata hivyo kitabu chake hakiishii kwenye rangi. Tuchukue mfano wa ardhi. Kwa Mpango wa Ekari Milioni, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo, na wakulima waliogawiwa vipande wakatakiwa kulipa. Waliokuwa na haki ya kudai walifanywa wadeni. Hakuna hesabu ya ngozi iwezayo kuufafanua mgeuko huo. Ni neno la mdai pekee, "bado", linaloweza.

Je, ni nafsi ipi inayolitamka? Tawasifu husemwa kwa nafsi ya kwanza, lakini nafsi hii ilipitia mikono mingine. Mhariri wa kitabu alikuwa Ruth First, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa amefungwa na serikali ya makaburu mwaka 1963 na baadaye akauawa kwa bomu mjini Maputo mwaka 1982. Wako watakaoona kuwa mkono wake waipunguzia sauti ya Odinga uhalisi. Hatuafikiani nao. Ushahidi haupimwi kwa usafi wa kalamu, na anayedai hivyo airudisha kwa mlango wa nyuma hesabu ile ile ya ngozi.

Tatizo zito zaidi liko ndani ya msimulizi mwenyewe. Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Makamu wa Rais tangu Desemba 1964 hadi alipojiuzulu Aprili 1966. Ni kweli kwamba mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ulikiondoa cheo chake chamani na kuweka makamu wanane mahali pake. Lakini aliyekaa serikalini alikuwa, kwa muda huo, miongoni mwa waliodaiwa. Katika sura za mwisho nafsi ya kwanza yasogea haraka mno upande wa wadai, na kitabu hakitueleza ni lini hasa ilivuka. Kwa maoni yetu hapa ndipo hoja yake ya kimaadili inapolegea. Si kwamba deni halipo. Ila msomaji ana haki ya kuuliza sehemu ya msemaji katika deni hilo ni ipi.

Na liko jambo ambalo kitabu hakingeweza kulijua. Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi michache baada ya kuuawa kwa Mboya, Rais Kenyatta alifika Kisumu kuifungua Hospitali Kuu Mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti uliopatikana kwa juhudi za Odinga. Pakazuka mabishano ya hadharani baina yao, umati ukafanya ghasia, na walinda usalama wakawafyatulia watu risasi. Serikali ilitangaza vifo 11. Wakazi wameshikilia daima kuwa waliokufa walikuwa wengi zaidi. Chama cha KPU kilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, kwa mbinu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Waliouawa hawakuacha tawasifu. Wengine walikuwa watoto waliotolewa shuleni kuja kumlaki Rais. Hospitali yenyewe sasa ina jina la Jaramogi, ingawa wenyeji wangali wakiiita "Russia", na msomaji wa Kisumu afunguapo kitabu cha 1967 hulikuta "bado" limekwisha kuongezewa wadai ambao mwandishi hakuwahesabu.