Mikutano Mikuu ya Vyama: Ni Nani Alipaye?



Januari 2025 CCM ilifanya mkutano wake mkuu Dodoma. Siku chache baadaye CHADEMA ikakutana Mlimani City, Dar es Salaam. Wajumbe wote wale walisafiri, wakalala, wakala. Silaumu, kwani shura haifanyiki kwa tumbo tupu. Nauliza tu ni nani aliyelipa.

Fungu moja hutoka Hazina, kwani Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 imeruhusu ruzuku. Basi hata bibi anunuaye sukari hapa Itigi, asiye na kadi ya chama chochote, amechangia. Wanachama nao hutoa ada zao. Linitialo shaka ni fungu la tajiri.

Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hii yenu, hii nimezawadiwa mimi. Mtume akauliza, je, angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi ile ingemfikia?

Niliwahi kuwauliza wajumbe wawili waliopita hapa stesheni, nani kawapa nauli. Mmoja akajibu, chama. Wa pili akacheka, akaniagizia chai. Nami nikainywa, nisimwulize fedha yake imetoka wapi.