Namba ya Mama



Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la steshenari moja pale Newala mjini, nikiwa na binti mmoja wa kwaya yetu. Nje pikipiki zilipita zikiwa na magunia ya korosho kuelekea ghala la chama cha msingi. Ndani mashine ya fotokopi ilikuwa ikiunguruma. Binti alikuwa amekuja na daftari jipya na kalamu, na simu mpya aliyoinunua kwa fedha ya kibarua cha kuokota korosho za watu. Alikuwa ameniomba nikae naye tu. Alisema anaogopa kukosea tena.

Neno hilo “tena” lina habari yake. Miaka miwili iliyopita, alipomaliza chuo cha ualimu, alikwenda steshenari moja kule Masasi kutuma maombi ya kazi. Hakuwa na baruapepe. Kijana wa kompyuta akamfungulia kwa dakika tano: akachagua nenosiri yeye, na palipohitajika namba ya simu akaweka yake mwenyewe, maana simu ya binti ilikuwa imeisha chaji. Kisha akamwandikia nenosiri nyuma ya karatasi iliyoharibika. Wengi wetu huku tumefunguliwa baruapepe kwa mtindo huo, na tulitoka pale tukishukuru.

Karatasi ile ilipotea. Mwezi Juni wenzake aliosoma nao wakampigia: shule binafsi walikopeleka maombi imeanza kujibu, angalia baruapepe yako. Akajaribu kila nenosiri aliloweza kulikumbuka. Kila mara mtandao ulimwambia kwamba tarakimu za kumthibitisha zimetumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili ambazo si zake. Yule kijana alikuwa ameacha kazi pale. Laini yake ilikwisha kufungwa kwa kutotumika, na namba ikawa ya mtu mwingine asiyemjua binti wala kijana. Hata akaunti yake ya Ajira Portal, kule kunakoombewa kazi za serikali, ilikuwa imefunguliwa kwa baruapepe hiyohiyo, kwa hiyo mlango mmoja ulipofungwa, na wa pili ukafungwa. Hajui hadi leo kama ile shule ilimjibu.

Nilimuuliza ni nini kilichomuuma zaidi. Akafikiri kidogo, akasema: “Padri, ile akaunti ina jina langu. Barua zangu zimo. Lakini hakuna hata kitu kimoja cha kuonyesha kwamba mimi ndiye mimi.”

Tukaanza basi kufungua baruapepe mpya ya Google, polepole. Nilimkumbusha jinsi wazazi wetu wanavyochukua fedha za korosho kwenye mashine ya benki. Kadi peke yake haitoi hata shilingi, na namba ya siri bila kadi haifai kitu. Ukidondosha kadi sokoni, aliyeiokota bado hajaingia. Uthibitishaji wa hatua mbili ni jambo hilohilo: nenosiri unalolijua kichwani, na simu uliyo nayo mkononi. Mtu akiiba neno, bado hana simu.

Akaweka nenosiri refu, alilolitunga mwenyewe bila kumtazamia mtu yeyote. Akaweka namba yake mwenyewe. Kisha tukapakua ile programu inayotoa tarakimu sita ndani ya simu na kuzibadilisha kila baada ya sekunde 30. Hiyo naipenda kwa ajili yetu tunaokaa huku, maana haingoji meseji wala mtandao. Mtakumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Programu ile hufanya kazi hata siku kama hiyo, na hata ukiwa bondeni kusikoshika mtandao. Mwisho Google ikampa tarakimu za akiba: namba kumi, kila moja na tarakimu nane, kila moja hutumika mara moja tu. Akazinakili kwenye daftari kwa mwandiko wa ualimu. Daftari litakaa nyumbani kwenye sanduku la nguo, mbali na simu, kwa sababu simu na akiba vikiibwa pamoja hakuna kilichobaki.

Halafu tukafika pale mtandao unapouliza namba ya kurejeshea akaunti, na baruapepe ya pili. Kalamu yake ikasimama. “Niweke ya nani?”

Mpendwa, naomba tukae hapa kidogo. Je, ungeweka ya nani? Ukiamka kesho umefungiwa nje ya kitu chako mwenyewe, simu imepotea, kumbukumbu imekukimbia, ni nani ambaye neno lake litatosha kusema, huyu namfahamu?

Wazee wa Masasi wanaijua habari moja ninayoirudia mara kwa mara moyoni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Masasi na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakajenga makazi chini ya ile milima ya mawe. Mwaka 1882 wapiganaji walioitwa Magwangwara wakawavamia. Nyumba zilichomwa, wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Baada ya hapo Padri Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, huku juu, kwa mkuu Matola. Ninachokitafakari mimi ni kwamba Matola hakuanza kutafutwa siku moshi ulipopanda. Urafiki ulikuwapo tayari; walikwisha kutembeleana na kujuana kwa sura. Kwa hiyo waliponyang'anywa kila kitu walikuwa na mahali pa kupanda. Na Masasi yenyewe ikajengwa upya baadaye.

Hivyo ndivyo ninavyomsoma Petro pia. Sisi humkumbuka kwenye moto ule wa makaa uani, akikana mara tatu, na jogoo akawika. Lakini Luka anatueleza kwamba kabla usiku ule haujafika kwenye moto, Bwana alikuwa amemwambia kuwa amekwisha kumwombea, na akamwachia hata kazi ya kufanya atakapokuwa amerudi. Fikiri juu ya jambo hilo. Petro bado anaapa kwamba hataanguka kamwe, na njia ya kumrudisha imekwisha kuwekwa. Upendo ulimfahamu kuliko alivyojifahamu, na haukumtangulizia lawama. Je, ni mangapi umeandaliwa hivyo, wewe na mimi, na hatujayatambua bado?

Nilipokuwa nikiwaza haya, binti alikuwa akiwaza jingine. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Padri, nikikutana na yule kaka wa Masasi nimwambie nini?”

Sikumjibu upesi. Alikuwa na haki ya kuumia. Nilimwomba amkumbuke siku ile alivyokuwa: kijana mdogo, foleni mlangoni, watu kumi wanasubiri, na yeye anajaribu kumsaidia kila mmoja asikose tarehe ya mwisho. Aliweka namba yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nikamwambia kwamba anaweza kumsamehe leo, kabla hata hawajakutana, na leo hiyohiyo akawa na nenosiri ambalo yule kaka hatalijua kamwe. Haya mawili hayagombani. Wapo wapendwa wanaodhani wakibadilisha kufuli watakuwa hawajasamehe, na wapo wanaodhani wakisamehe ni lazima waurudishe ufunguo. Baruapepe ya parokia yetu ilikaa miaka mingi na nenosiri lilelile, nami nikaogopa kulibadilisha nisije nikawahuzunisha waliotutumikia ofisini kabla. Nilipolibadilisha hatimaye, nikaenda kuwasalimia wote. Hakuna aliyehuzunika; mmoja alinikaribisha chai.

Akanyamaza. Baadaye akasema, “Basi nitamsalimia.” Akaandika namba ya mama yake.

Mama yake anakaa kijijini, na simu yake ni ya kitochi. Nilifurahi, lakini nilimsihi ampigie kwanza amweleze vizuri, kwa sababu matapeli wanatuzunguka. Sote tumepokea zile meseji za kwamba hela ile tuma kwenye namba hii. Wapo pia wanaopiga kwa sauti tamu, wakijifanya wafanyakazi wa kampuni ya simu, wakiomba tarakimu zilizoingia sasa hivi. Tarakimu hizo hazisomewi mgeni, hata akilitaja jina lako na la babako. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#.

Nikiwawaza matapeli hao, nilimkumbuka mzee Isaka, macho yake yamefifia, Yakobo amesimama mbele yake akijifanya Esau, na ngozi za mbuzi mikononi. Isaka alithibitisha kwa hatua mbili. Sauti ilimwambia huyu ni Yakobo. Mikono ikamwambia ni Esau. Akasita, lakini harufu ya mavazi na chakula vikamshawishi, akabariki. Simlaumu mzee wa watu, maana alikuwa na njaa na alikuwa akimpenda mwanawe. Ila ningependa mama huyu wa kijijini awe na nafasi ya kusita zaidi ya hapo. Ushahidi wa namna mbili ukipingana, kuna ubaya gani kusema: ngoja kwanza?

Basi binti akapiga, akaweka sauti ya wazi ili nami nisalimie. Nikapokea shikamoo na kuitikia. Akamweleza mama yake yote: kuwa kuna tarakimu zitaingia, kuwa asimsomee mtu mwingine yeyote, kuwa hata yeye mwenyewe akipiga kwa namba ngeni, mama amuulize kwanza jambo wanalolijua wao wawili. Mama alisikiliza kimya. Kisha wakakata, tukaomba tarakimu za majaribio zitumwe kwenye simu yake, na binti akapiga tena, safari hii kwa simu yangu, ili kuona itakuwaje.

“Mama, ni mimi.”

“Mimi nani?”

Binti akanitazama. Akasema jina lake la ubatizo.

“Hilo wanalijua wengi,” mama akasema. “Bibi yako alikuwa akikuitaje?”

Binti akalitaja, jina fupi la utotoni ambalo sijawahi kulisikia kanisani. Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Halafu mama akaanza kusoma tarakimu, moja moja, taratibu, akisubiri kila moja iandikwe. Alipofika mwisho, bila kuombwa, akarudia zote tangu mwanzo.