Nguo Hazijagombana na Mtu

Nilikuwa darasa la sita siku niliyoziacha nguo za jirani zinyeshewe.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza za msimu. Nyumbani kwetu Simbo, mkoani Kigoma, mvua hizo hazipigi hodi. Jua linawaka, kuku wanakwaruza uani, halafu upepo unageuka, harufu ya udongo inafika, na una dakika tatu au nne za kuamua mambo yako. Kamba yetu ilifungwa kati ya mwembe na nguzo ya jiko. Ya jirani ilifungwa kati ya michikichi miwili, hatua kama ishirini kutoka kwetu. Mama alikuwa shambani. Jirani alikuwa amekwenda sokoni Mwandiga. Kwenye kamba yake kulikuwa na shuka, kanga na sare ya binti yake, ambaye tulisoma naye darasa moja: sketi ya bluu na shati jeupe.

Nilikimbia nikaanua zetu zote. Kisha nikasimama mlangoni na rundo la nguo kifuani, nikatazama. Mama na jirani walikuwa hawasemezani kwa wiki kadhaa, tangu mbuzi walipoingia kwenye muhogo wetu. Nilidhani nafanya jambo la haki. Mvua ilikuja na upepo wake, kamba ikakatika upande mmoja, na shati jeupe likalala kwenye udongo mwekundu.

Mama aliporudi amelowa, aliangalia nguo zetu juu ya kitanda, kisha akachungulia nje.

“Na za jirani?”

“Si mmegombana?”

Hakunipiga. Angenipiga ningesahau. Alisema, “Nimegombana naye mimi. Nguo hazijagombana na mtu.” Akachukua beseni, akatoka kwenye manyunyu, akaziokota. Usiku ule alizifua upya kwa gwanji, ile sabuni yetu ya mawese, akazitandaza juu ya viti kuzunguka jiko la mkaa. Asubuhi zilikuwa bado na ubichi. Binti wa jirani alikuja shule na sketi iliyomganda mapajani, akakaa nyuma kabisa. Hakuniambia kitu. Mpaka leo sijui kama alijua.

Kiswahili kimelipa tendo hili kitenzi chake. Kama vile unavyofunika na kufunua, ndivyo unavyoanika na kuanua. Tunaanika nguo, muhogo, mpunga. Kule Kibirizi ufukweni wanaanika dagaa. Chochote kilichoanikwa kinasubiri mtu wa kukianua, na mtu huyo si lazima awe mwenyewe. Mbingu zikibadilika, anayeanua ni aliyepo.

Sasa hivi naishi Glasgow, Uskoti, nasoma shahada ya uzamili ya sera za mazingira. Hosteli yetu ina chumba cha kufulia chini ya jengo, bila dirisha, chenye mashine za kufulia upande mmoja na za kukaushia upande wa pili. Unagusisha kadi, unaweka nguo, unarudi baada ya saa moja na kitu, unazikuta zina joto kama mandazi. Ukutani kuna tangazo: usiguse nguo za mwenzako. Jingine linakataza kuanika nguo dirishani. Nimekaa hapa miezi minane na sijawahi kuona shati la mtu wa chumba cha jirani. Sijui kama ana mtoto mchanga, kama anavaa sare ya kazi ya usiku, kama amefiwa akavaa nyeusi wiki nzima. Kwetu kamba ya nguo ingeniambia yote hayo kabla hajanisalimia.

Kwa sababu ya ninachokisoma, nilianza kulifikiria suala hili kwa upande wa umeme. Mashine ya kawaida ya kukaushia hula takriban uniti 3 hadi 4 kwa mzigo mmoja. Zile zinazotumia pampu ya joto hula karibu nusu yake. Ukitaka kuzielewa uniti hizo, zipeleke Simbo. TANESCO ina kundi la wateja wa matumizi madogo, ambao kiwango chao ni uniti 75 kwa mwezi. Familia ya kundi hilo ikikausha mizigo miwili kwa wiki kwa mashine ya kawaida, inamaliza theluthi ya umeme wa mwezi, au zaidi, kwa kazi ambayo jua huifanya bure. Kwa mkoa ambao kwa miaka mingi uliwashwa na majenereta ya dizeli, hesabu hiyo haina mjadala.

Lakini hesabu hiyo haikunituliza. Tuseme kesho umeme wote duniani unatoka kwenye jua na upepo, na ni wa bei ya maji ya kisima. Je, nitakuwa sina tena neno na mashine? Nilijikuta bado ninalo, na halikuhusu uniti.

Neno lenyewe ni hili: mashine ya kukaushia haiondoi mvua tu, inaondoa haja ya jirani. Ukianika nje, unaacha kitu chako mahali ambapo macho ya wengine yanafika na mikono ya wengine inaweza kukiokoa au kukitelekeza. Hukumwomba mtu ulinzi, ila umemtegemea. Naye, kwa kuwapo tu, amepata wajibu ambao hakuutia saini. Ukiingiza nguo zako kwenye pipa la chuma na kufunga mlango, humtegemei mtu na hakuna anayekutegemea. Je, tumepoteza kitu chema, au tumetua mzigo?

Rafiki yangu mmoja wa hapa hosteli, Mkenya wa Kisumu, alinicheka nilipomweleza. “Yaani wewe unasifu shida,” alisema. “Ni kama mtu anayesifu malaria kwa sababu inatuletea wauguzi wema.” Pingamizi lake ni zito, na nimekaa nalo muda mrefu.

Uzito wake wa kwanza ni kwamba shida hiyo ilikuwa na wenyewe. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto wanne, na kamba ilikuwa kamba yangu. Kaka zangu walikwenda kucheza mpira hadi giza. Mimi sikuweza kwenda mbali na uwanja kwa sababu mawingu yangeweza kuja. Hakuna aliyeniambia “baki.” Ilieleweka tu, kama inavyoeleweka nani atachota maji. Nikiandika leo kwamba kuanika nje kunajenga ujirani, lazima niandike pia kwamba ujirani huo ulijengwa kwa jioni za wasichana.

Uzito wa pili ni kwamba si kila nguo inaweza kusimama juani. Wanawake wa kwetu huanika nguo za ndani chini ya kanga, na msichana anayetumia vitambaa vya hedhi huvificha uvunguni au nyuma ya mlango, mahali penye giza na unyevu, wakati vitambaa hivyo ndivyo vinavyohitaji jua kuliko nguo zote. Kamba inayomwambia jirani habari zako njema haichagui habari. Kwa msichana huyo, mashine iliyofungwa mlango ingekuwa rehema.

Na kuna nzi. Yuko nzi wa nchi zetu za joto anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu wake huingia chini ya ngozi akatoa uvimbe kama jipu. Ndiyo maana bibi alipiga pasi ya mkaa hata nepi, kila mshono. Kwa hiyo jua letu la bure lilidai mkaa, na mkaa ulidai saa nyingine ya mwanamke.

Nikiyaweka yote hayo mezani, siwezi kuwaambia watu wa Simbo wasitake mashine wakati mimi nashuka ngazi kila Jumamosi na kadi mkononi. Lakini nadhani rafiki yangu na mimi tulichanganya kazi mbili. Kufua ndiko kunakovunja mgongo: kubeba maji, kusugua, kukamua shuka hadi vifundo vya vidole vinawaka. Kukausha hakudai nguvu hiyo. Kunadai jicho. Siku nikipata kazi, mashine nitakayomnunulia mama ni ya kufulia, tena bila kuwaza mara mbili. Ile ya pili, mahali penye jua miezi mingi ya mwaka, inaniuzia kitu ambacho sikuwa nimekikosa.

Na jicho, tofauti na mgongo, linaweza kugawanywa bila kumchosha mtu. Dhuluma haikuwa kwamba nguo ziliangaliwa. Ilikuwa kwamba macho ya wavulana hayakuhesabiwa. Kaka zangu waliweza kuanua. Mvua iliwanyeshea uwanjani kama ilivyotunyeshea sisi uani, wakakimbia kurudi nyumbani, wakapita chini ya kamba ileile, nguo zikawagusa vichwani.

Glasgow yenyewe imenifundisha kwamba hili si suala la Afrika na Ulaya. Kwenye bustani kubwa ya Glasgow Green, karibu na mto Clyde, bado kuna nguzo za chuma zimesimama kwa safu kwenye nyasi, hazina kamba. Nilizipita mara nyingi nikidhani ni mabaki ya uzio. Ni nguzo za kuanikia. Wanawake wa mji huu walikuwa wakifua na kuanika pale, kwenye ardhi ya wote. Na Amerika Kaskazini, ambako vyama vya wenye nyumba vilipiga marufuku kamba za nguo kwa kuona zinafanya mtaa uonekane wa kimaskini, watu walilazimika kuidai haki ya kuanika kwa sheria: jimbo la Ontario, Kanada, liliziondoa marufuku hizo mwaka 2008, na mwaka uliofuata Vermont na Maine za Marekani zikapitisha sheria zao. Watu wenye mashine ndani walitaka tena ruhusa ya kutoka nje.

Watu hapa wakiniuliza natoka wapi, huwa nasema ni huko Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, maana Simbo hawaijui. Livingstone alizaliwa Blantyre, nje kidogo ya mji huu, na alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Misafara iliyofika Ujiji zama zake ilibeba vitambaa kama fedha. Nawaza kwamba vitambaa vile vilipoishia kuwa nguo, vilifuliwa, vikaanikwa, na siku mvua ilipokuja mtu fulani aliamua kuvianua au kuvitazama.

Hapo ndipo ninaporudi, kwenye kutazama. Maneno ya mama yalikuwa yanasema nini hasa? Hakusema jirani ni mwema, wala kwamba ugomvi umekwisha. Ulidumu hadi mwaka uliofuata. Alisema kwamba wajibu wa kuanua hautokani na urafiki. Unatokana na kuona. Niliona mawingu, niliona shati, nilikuwa na miguu. Mengine yote yalikuwa visingizio. Nikaelewa kwa nini chumba kile cha chini ya jengo kinanipa raha inayonitia wasiwasi. Kule hakuna ninachokiona. Hakuna shati la mtu litakalolala kwenye matope nikiwa nimesimama mlangoni. Mashine hainifanyi mtu mbaya. Inaniondolea nafasi ya kuwa mbaya, na ileile ya kuwa mwema.

Mgonjwa, mzee, mama mwenye mapacha kwenye ghorofa ya nne katika mji wa mvua, hao sina la kuwaambia isipokuwa washe mashine kwa amani. Nazungumza na mimi, na wewe mwenye miguu. Kila kitu kinachotuondolea usumbufu wa jirani, iwe geti, vipokea sauti masikioni au mashine ya kukaushia, kinatupa hali ya kutokuwa na hatia kwa sababu hatukuona. Raha hiyo si dhambi. Ila tusiite wema.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Tulikuwa katikati ya habari za ada ya mdogo wangu aliposema, “Ngoja,” nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha mbao, kandambili zikikimbia, halafu mvua juu ya bati, ile sauti inayofuta sauti zote. Nilikaa nikisikiliza kwa shilingi za watu. Katikati ya kelele nilimsikia akimwita mdogo wangu wa kiume aje ashike upande wa pili wa shuka.

Alirudi anahema.

“Umewahi zote?” nikamuuliza.

“Zetu zimelowa kidogo,” alisema. “Nilianza na za jirani. Hayupo, kaenda kliniki.”