Mali ya Umma Si Shamba la Bibi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mambo ya Walawi 25:23 na 34, Ezekieli 34:17-19, Luka 16:10-12



Jumapili iliyopita niliuliza swali, kanisa likacheka. Niliuliza: mtu akiingia kwa jirani usiku, akabeba mbuzi, huyo tunamwitaje? Mkajibu kwa sauti moja, "Mwizi!" Nikauliza tena: na mtu akiingia msitu wa Arabuko-Sokoke usiku, akaangusha mbambakofi, akapasua mbao, akauza? Hapo sauti zikapungua. Mmoja akasema, "Huyo ni fundi." Mwingine akasema, "Huyo anatafuta unga, mchungaji." Tukacheka wote, hata mimi.

Lakini nilirudi nyumbani na kicheko kile kikanikosesha usingizi. Kwa nini mbuzi mmoja anatufanya tupige kelele, na mti uliokua miaka mingi kuliko umri wa babu zetu unatufanya tucheke? Jibu nililopata ni hili: mbuzi ana mwenyewe. Asubuhi mwenyewe ataamka, ataona kamba imekatwa, atalia. Msitu haulii. Uwanja wa shule haulii. Kisima cha kijiji hakiendi kwa chifu kupiga ripoti. Basi kwa kuwa hakuna anayelia, tunaona kana kwamba hakuna aliyeibiwa.

Hilo ndilo swali la juma hili: kitu cha wote kikichukuliwa, ni nani aliyeibiwa?

Kabla sijaendelea, acheni niungame. Miaka mingi nyuma, kabla sijaitwa katika uchungaji, nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi katika kanisa moja dogo. Tulikuwa tunaabudu chini ya mabati yaliyotoboka, mvua ikinyesha kila mtu anashika Biblia na kiti. Siku ya harambee akaja mheshimiwa mmoja, akasema atatupatia ploti. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Baadaye tukaenda kuiona ile ploti. Ilikuwa kipande cha uwanja wa shule ya msingi, pale ambapo watoto walikuwa wakicheza mpira.

Kwenye kamati mimi nilikuwa wa kwanza kusema tuichukue. Nilikuwa na maandiko yangu tayari. Nikasema Mungu ametufungulia mlango, nani tuufunge? Nikasema shule ina uwanja mkubwa, hawatahisi. Nikasema tusipochukua sisi, atachukua mwenye baa. Ndugu zangu, hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashika watu. Si afadhali kanisa kuliko baa?

Halafu mama mmoja mzee, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema kwenye mikutano, akainua mkono. Akasema, "Mwanangu katibu, mimi sijui kusoma sana. Nauliza tu. Siku ya kuzindua hilo kanisa, hao watoto wa shule tutawaambia waimbe wimbo gani?" Akaketi. Hakuna aliyemjibu. Tulipopiga kura, ile ploti ilikataliwa kwa kura chache. Watu kadhaa walihama kanisa, wakisema hatuna imani. Mabati yalitoboka miaka mingine mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekosea, na nimechukua muda mrefu kuelewa nilikosea wapi.

Nilikosea hapa: nilidhani cha wote ni kisicho na mwenyewe. Neno la Mungu halisemi hivyo.

Tazama Mambo ya Walawi 25. Tunapenda mstari wa 23, pale Mungu anapowaambia Israeli kwamba nchi ni yake, wao ni wageni na wapangaji tu kwake. Lakini shuka mpaka mstari wa 34. Walawi walipewa miji, na kuzunguka miji ile kulikuwa na malisho ya pamoja kwa ajili ya mifugo yao. Nyumba ya Mlawi iliweza kuuzwa na kukombolewa. Malisho ya pamoja hayakuuzwa kabisa. Mbona Mungu awe mkali kwa uwanja wa nyasi kuliko kwa nyumba? Kwa sababu nyumba ina mtu wa kuitetea. Uwanja wa wote hauna, kwa hiyo Mungu mwenyewe akasimama kuwa mtetezi wake. Mali isiyo na mlinzi si kwamba haina mwenyewe. Mwenyewe ni Mungu, na chini yake ni kila mtu, pamoja na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Hata sheria ya nchi yetu inakubaliana na hilo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inataja misitu ya serikali, mbuga za wanyama na vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 69 kinampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kutunza mazingira. Si askari wa msitu peke yake. Na kifungu cha 40 kinasema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Maana yake ni kwamba karatasi haiwezi kukuokoa. Unaweza kuwa na hati yenye muhuri na bado uwe umeketi juu ya kitu cha watu. Ahabu naye alipata shamba la Nabothi kupitia baraza na mashahidi na barua zenye muhuri (1 Wafalme 21). Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Mbinguni zilikataliwa.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni: mchungaji, wewe unaongea juu ya miti na wanyama, na mimi watoto wangu hawajala. Kuni nitoe wapi? Na ndovu akitoka msituni akamaliza mahindi yangu usiku mmoja, huyo naye ni mali ya Mungu? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia, lakini mtu akishapoteza shamba anajua kungoja kulivyo.

Ndugu yangu, siwezi kukudharau. Machozi yako ni ya kweli. Mtu anayekuhubiria juu ya wanyama na hajali kama umelala njaa, huyo hajamwelewa Mungu. Lakini nisikilize kwa mambo mawili.

La kwanza, soma Ezekieli 34. Mungu anawahukumu kondoo wanono. Kosa lao si kula majani. Kosa lao ni kwamba wakishakula wanakanyaga yaliyobaki, na wakishakunywa wanachafua maji kwa miguu yao, ili wale wanyonge wapate matope. Hapo ndipo mpaka ulipo, kati ya kula na kukanyaga. Mama anayeokota kuni kavu kwa utaratibu uliowekwa na chama cha jamii cha msitu, huyo anakula. Anayekata muhuhu mbichi kwa ajili ya soko, anayechoma makaa usiku, anayetega waya, anayezungushia ua chemchemi ya kijiji, huyo anakanyaga. Mmoja ameacha kitu kwa ajili ya mwenzake, mwingine hakuacha.

La pili, msitu ukiisha, nani ataumia kwanza? Tajiri ana kisima chake na gesi yake. Akikosa kivuli hapa anahamia kwingine. Maskini ndiye ambaye mali yake pekee ni ile ya wote: kuni, maji, dawa za miti, uwanja wa mtoto kuchezea bila kulipa. Kwa hiyo anayeiba mali ya umma kwa jina la umaskini, anamwibia maskini. Na mara nyingi lile lori linaloondoka usiku si la maskini. Maskini amepewa pesa kidogo na panga tu, faida imekwenda mjini.

Tuje kwa wanyama. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu mkavu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki. Ndani yake kuna sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, pua ndefu, anayekimbia chini ya majani makavu. Duniani kote anaishi mahali pachache tu katika pwani yetu hii, na makao yake makubwa ni hapa. Kuna pia bundi mdogo wa Sokoke, anayetoshea kiganjani, ambaye nje ya hapa anajulikana katika milima ya Usambara kule Tanzania. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya waje wamwone. Sisi akilia karibu na nyumba tunaanza kukemea!

Wapendwa, nakemea mapepo kila juma, mnanijua. Lakini bundi si pepo. Mambo ya Walawi 11 inamtaja bundi katika ndege wasioliwa, na kutoliwa si kulaaniwa. Katika Mwanzo 9 Mungu alifanya agano baada ya gharika, na hakulifanya na Nuhu peke yake. Alilifanya na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Upinde wa mvua ukiuona, ujue bundi naye yumo katika ahadi ile. Na Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inafundisha kwamba ukikuta kiota, usimchukue mama pamoja na makinda. Mama umwache aende. Mungu anayepanga mataifa alipata nafasi ya kutoa amri juu ya kiota. Waya wa mtego hauna amri hiyo. Haujui mama wala kinda, haujui swara wala sange. Na yule anayenunua nyama ya porini kwa bei nafuu nyuma ya soko, asiseme hakutega. Kila kipande anachonunua kinalipia waya mwingine. Uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu 1977, na sheria inamhesabu mwenye kuuza na mwenye kununua pamoja na mwenye kutega.

Je, watu hubadilika? Hubadilika wakifundishwa, na mafundisho yakigusa sufuria. Miaka ya tisini mwanzoni wakazi wengi wa kando ya msitu huu walitaka ukatwe, wagawiwe mashamba. Msiwalaumu, hawakuona faida yake, waliona nyani na ndovu tu. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima wakafundishwa kufuga viwavi vya vipepeo wa msituni, kisha mabuu yakauzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima akajua kwamba bila msitu hakuna kipepeo, na bila kipepeo hakuna karo. Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya nalo likaanzisha mpango ambao pesa za wageni wanaotembelea msitu na mkondo wa Mida husaidia karo ya sekondari kwa watoto wa jamii zinazozunguka msitu, na watoto na wazazi wao hufundishwa kuutunza. Hapo elimu na sufuria zilikutana, na mtu aliyeuona msitu kuwa adui akaanza kuuita wetu.

Hosea anasema watu huangamia kwa kukosa maarifa. Basi kanisa lisilofundisha haya linashiriki kuangamiza. Tunawafundisha watoto wa Shule ya Jumapili majina ya wanyama wa safina. Je, wanajua majina ya wanyama walio kilomita chache kutoka hapa madhabahuni?

Narudi kwa lile swali. Kitu cha wote kikichukuliwa, aliyeibiwa ni jirani yako, na mjukuu wako, na Mungu wako. Yesu katika Luka 16:12 anauliza: kama hukuwa mwaminifu kwa kilicho cha mwingine, nani atakukabidhi kilicho chako? Nimekuja kuona kwamba mali ya umma ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu hapo hakuna mwenye mbuzi atakayeamka. Kuna dhamiri yako tu, na Yule anayeona sirini. Na yule anayesema "nisipochukua mimi, atachukua mwingine", ajue maneno hayo niliyasema mimi katika kamati ya kanisa, na yangeweza kusemwa na mwizi yeyote.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia, akaniambia ameacha kutega, lakini hana kazi. Aliniuliza, "Sasa, mchungaji, nile nini?" Nilimwombea, lakini nikajua maombi peke yake hayatoshi. Kama tunamwambia aache, ni lazima tumshike mkono. Wazee wa kanisa wamekubali kwamba sehemu ya mfuko wa vijana itumike kuwasaidia kununua mizinga ya nyuki na kuingia chama cha jamii cha msitu. Mwenye mzinga wa kutoa, atoe. Mwenye ujuzi wa nyuki, ajitokeze.

Mungu awabariki. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani, juma hili:

1. Taja kitu kimoja cha wote katika mtaa wetu: njia, kisima, uwanja, msitu. Nani anakikanyaga? Je, nami nimo?

2. Je, kanisa au familia yangu ina kitu kilichotoka kwa mali ya umma? Tukikirudisha, tutapoteza nini? Tukikaa nacho, tutapoteza nini?

3. Ombeni kwa ajili ya ndugu ambao wanyama wameharibu mashamba yao. Kisha kikundi kimtembelee mmoja wao, msiende mikono mitupu.