Risasi Iliyonong'ona

Mpwa wangu aliichumbia ile bastola mwezi mzima. Alitoka duka hili akaingia lile, akaishika, akairudisha, akauliza uzito wake, usiku akatazama video hadi simu ikazima mkononi. Anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta pembeni ya Dallas, Texas, na tangu vijana wawili walipomwekea kisu shingoni usingizi wake haujarudi sawasawa. Kwa hiyo siwezi kusema alikurupuka. Bastola aliichagua vizuri. Risasi ndizo alizozinunua kama abiria anavyonunua karanga stendi: basi linaondoka, nipe hizo hizo.

Alizipata kwenye gulio la bunduki, yale yanayofanyika kumbini siku za wikiendi. Mzee mmoja mwenye meza ya kukunja alikuwa akiuza risasi alizozijaza mwenyewe nyumbani kwake, mia tano ndani ya mfuko wa plastiki, kwa bei ya chini kuliko dukani. Niliutazama ule mfuko nikauliza, "Boksi lake liko wapi?"

"Mjomba, kwani boksi ndilo linalopiga? 9 mm ni 9 mm."

Nilipaswa kusema, nikanyamaza. Hela ilikuwa imeshatoka, na mimi mgeni pale kwake, nakula ugali wake.

Mimi bunduki niliijulia JKT, miaka ya 1980. Kule risasi ulihesabiwa kama vidonge vya hospitali, na ukishapiga uliinama kutafuta maganda kwenye majani, kwa sababu likipungua moja hakuna atakayekula. Nyumbani Tanzania hadi leo raia anayetaka bastola sharti aombe kibali, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Texas mtu anajaza fomu dukani, jina lake linapekuliwa kwenye kompyuta ya serikali kuu, na chai haijapoa ameshaondoka nayo. Risasi hata hiyo fomu hazina. Nadhani hapo ndipo mazoea mabaya yanapoanzia: kitu ambacho hakikukuuliza swali lolote, na wewe hukiulizi.

Na swali la kwanza ni jina lenyewe. 9 mm si moja. Ile iliyoenea zaidi, 9x19, ilibuniwa na Georg Luger kule Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwenye maboksi utaikuta imeandikwa 9 mm Luger au 9 mm Parabellum. Yote ni ile ile. Lakini ipo ya Makarov ya Warusi, 9x18, yenye kichwa kinene kidogo zaidi, na ipo fupi, 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380. Hiyo fupi inaweza kuingia kwenye chemba ya 9x19 ikatulia kama imefika kwao. Ukiona alama ya +P, ujue presha yake imezidi ya kawaida, na si kila bastola inaistahimili. Anayejua ukweli ni mtutu, kwa maandishi yaliyochongwa juu yake, pamoja na kitabu kinachokuja na bastola. Kitabu cha mpwa wangu kilikuwa bado ndani ya nailoni. Nilikuja kukisoma baadaye: kinakataza risasi zilizojazwa upya, na anayezitumia asije kudai dhamana.

Kuna jambo jingine lililonishangaza kule. Risasi za kichwa chenye tundu, zile zinazochanua zikipiga, zilipigwa marufuku vitani na Azimio la The Hague la 1899, lakini dukani zimepangwa rafu moja na zile za kichwa cha mviringo. Wenyewe wanakueleza bila haya: nyumba zao zina kuta za jasi, na risasi inayochanua haina nguvu ile ile ya kupenya ikamfuate mtoto wa jirani. Hoja ina maana yake, ingawa ukuta wa jasi hauzuii risasi ya aina yoyote. Tena baadhi ya bastola hukwama kwa vichwa hivyo, kwa hiyo anayetaka kuzitegemea huzijaribu kwanza kwenye bastola ile ile atakayoibeba, boksi zima na zaidi. Kwa mazoezi, mviringo mpya wa kiwandani unatosha.

Uwanja wa shabaha tuliokwenda ulikuwa wa ndani, na msimamizi wake mama mmoja wa mvi mwenye sauti ya king'ora. Ukutani zimebandikwa zile kanuni nne zinazohusishwa na Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marine wa Marekani aliyefungua chuo chake cha bastola Arizona mwaka 1976: kila silaha ihesabu ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga, jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Mpwa wangu alizisoma kama mtu anavyosoma tangazo la usitupe taka.

Alikuwa amevaa shati la kitenge, shingo wazi. Kwenye magazini ya pili ganda likaruka likatumbukia kifuani. Ganda likitoka lina moto wa sufuria. Akaruka, akageuka, mkono mmoja unatafuta kwenye shati na wa pili umeshika bastola, nikauona mdomo wa mtutu ukipita usawa wa tumbo langu kwenda kwa jirani. Mama yule alimdaka kifundo cha mkono akaurudisha mbele. "Liache likuunguze," akamwambia. "Ngozi huota."

Ungedhani siku ilikwisha hapo. Aliomba radhi, akafunga vifungo, akaendelea.

Magazini ya tano. Mlio wa bastola ile hufika desibeli 160 hivi, ndiyo maana tulikuwa tumeziba masikio mara mbili, vizibo ndani na vikombe juu. Katika kelele ile nikasikia, au niseme nilihisi, *puf*. Kama mtu amepuliza kibatari. Slaidi haikurudi. Na mikono ya kijana ikafanya ilichofundishwa na zile video: gonga magazini, vuta slaidi, piga tena. Kwa mikwamo mingi hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Nilifungua mdomo kupiga kelele, na yeye akavuta triga.

Moshi ulitokea pembeni. Slaidi iligoma katikati, kidole gumba kikachuruzika damu, na bastola mpya ikawa kipande cha chuma. Alinusurika, na mtutu ndio uliomstahi; si mikono yake.

Risasi ile ya kwanza ilikuwa na fataki lakini haikuwa na baruti. Kipimo cha baruti cha 9 mm hakifiki nusu gramu, na mtu anayejaza mamia mezani, akiitwa kupokea simu, huruka moja bila kujua. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, haina nguvu ya kukitoa. Inayofuata inakuta njia imezibwa. Ukisikia mlio uliofifia, kidole toa kwenye triga, mtutu ubaki mbele, uhesabu hadi thelathini kwa sababu nyingine hazijafa, zimechelewa tu. Kisha magazini itoke, chemba ifunguliwe, na msimamizi aitwe. Mtutu hutazamwa kwa kupitishwa ufito, silaha ikiwa tupu.

Mama alimfunga kidole, akatupeleka sote bombani: maji baridi na sabuni, kabla ya kugusa chakula. Kiswahili chetu kilishaliona hili zamani, kwani risasi ni ile inayopigwa na ndiyo madini yenyewe yenye sumu, na vumbi na moshi wa uwanja umeibeba. Unaweza kurudi nayo nyumbani kwenye viatu ukawagawia watoto.

Fundi bunduki aliupasua mtutu kwa urefu. Vichwa viwili vimeshikana, mdomo kwa mkia, na chuma kimevimba pale kama chatu aliyemeza mbuzi. Mpwa wangu akamsukumia ule mfuko wa plastiki. Fundi akachukua kumi bila kuchagua, akawa anazing'oa vichwa kwa nyundo yake maalumu na kumwaga baruti kwenye karatasi nyeupe, chembechembe ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Ganda la saba akalipindua, akaligonga, akaligonga tena, akalimulika ndani kwa tochi. Akalisimamisha mezani mbele ya mpwa wangu, akachukua la nane.