Tuwaulize Wazee, Tusikie Yote

Somo: Zaburi 78:1-8



Katika somo letu Asafu, mtunzi wa zaburi hii, anaahidi kwamba habari alizozipokea kwa baba zake hatawanyima watoto. Tunapenda ahadi hiyo, na mara nyingi tunafunga Biblia hapo. Tukisonga hadi aya ya 8 tunakuta neno gumu: watoto wanaambiwa wasiwe kama baba zao, kwa maana baba hao walimwasi Mungu. Zaburi yote inakwenda hivyo, rehema za Mungu na makosa ya watu vikisimuliwa pamoja. Wiki hii nawaalika tulione jambo hili katika masimulizi ya wazee wa Magharibi ya Marekani.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mlowezi ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi ajenge nyumba, alime na akae hapo miaka 5. Watu wakamiminika. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, serikali iliwaajiri waandishi waliokosa kazi, na baadhi yao wakatumwa kwenda kuwahoji wazee waliozikumbuka siku hizo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, nao waliulizwa wakiwa bado hai.

Walisimulia maisha ya uwanda usio na miti, ambako watu walikata mapande ya udongo yenye mizizi ya majani, wakayapanga kuwa kuta. Mvua ilipokwisha nje, ndani paa liliendelea kuvuja. Palipokosekana kuni walipikia samadi kavu. Walisimulia vijana walioswaga ng'ombe kutoka Texas hadi reli ya Kansas, wakiwaimbia usiku ili wasishtuke na kutimka.

Kule ambako reli haikufika, barua na abiria walisafiri kwa magari ya farasi. Huko Cascade, Montana, wanamkumbuka Mary Fields, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka kama 60, alipewa kandarasi ya kupeleka barua, akaifanya hadi 1903. Husimuliwa kwamba theluji ilipowashinda farasi alibeba mfuko begani, akaenda kwa miguu.

Mwaka 1878 Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika Nicodemus, Kansas, makazi ya Weusi waliotoka Kentucky baada ya utumwa kukomeshwa. Aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi ukitoka ardhini, kwa sababu watu waliishi katika mashimo waliyoyachimba. Akalia. Uzeeni aliyasimulia machozi hayo bila kuyaonea haya. Watu wa Nicodemus wamerithishana pia habari kwamba katika baridi ya mwanzo, wawindaji wa taifa la Osage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliwagawia chakula. Basi mgeni alilishwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo alikuwa wa mataifa yaliyokuwa yakisukumwa kutoka ardhi zao.

Huko Oklahoma, tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, watu wapatao 50,000 walikimbilia viwanja vya bure kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ya mataifa ya Creek na Seminole. Mwaka 1937, chini ya mwanahistoria Grant Foreman, wazee wa Oklahoma walihojiwa, walowezi na Wahindi Wekundu pia. Mmoja anakumbuka furaha ya kupata shamba, mwingine anakumbuka taifa lake likipoteza nchi. Masimulizi hayo yamehifadhiwa pamoja, na ni vyema yalivyohifadhiwa. Ukisikia upande mmoja tu utamsifu mlowezi kwa jasho lake, na jasho lilikuwa la kweli, lakini hutajua nani aliondolewa ili yeye apande.

Wapendwa, hata kwetu kuna mashamba ya urithi ambayo hatusemi yalipatikanaje. Kuna mjane aliyesukumwa akaenda zake, na ndugu aliyenyimwa fungu lake. Kuna makanisa yanayoadhimisha jubilei kwa kuwataja waasisi na kuwasahau akina mama waliobeba mchanga na maji ya ujenzi. Ushuhuda uliokatwa nusu humnyima mtoto mambo mawili: hajui Mungu aliwavusha wazee wake katika nini, na hajui ni kosa gani asilirudie. Haki iliyocheleweshwa nayo hukosa mtu wa kuidai.

Kwa hiyo nawasihi. Kabla ya Jumapili ijayo, keti na mzee mmoja wa nyumbani kwako. Usimharakishe. Mwulize mwaka wa kwanza mlipohamia kwenye ardhi yenu ulikuwaje, nani aliwapa chakula, nini kilimliza, na nani alikuwa kwenye ardhi ile kabla yenu. Andika, au mrekodi kwa simu akikuruhusu. Akitaja mtu aliyedhulumiwa, usimkatize. Kama dhuluma hiyo bado inaweza kurekebishwa, ipeleke kwenye kikao cha ukoo, mkairekebishe mzee huyo angali hai.